Kompresa ya Kiyoyozi Haizunguki: Kutafuta Hitilafu na Kuieleza kwa Kiswahili Mpakani Rusizi I

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayejua kuchambua ngeli na kuhakiki shairi mara nyingi hupungukiwa maneno anapotakiwa kumweleza fundi kwamba kiyoyozi cha nyumbani kimeharibika. Husema tu "AC imekufa", kisha hunyamaza. Fundi naye huja na kifaa kisichohitajika, au hukata shauri mapema kwamba kompresa imeungua. Mwenye nyumba hulipa gharama ya kompresa mpya, ilhali hitilafu ilikuwa katika kifaa kidogo ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya hiyo.

Makala haya yana malengo mawili. Kwanza, kueleza hatua kwa hatua namna ya kutafuta hitilafu katika kiyoyozi ambacho kompresa yake haizunguki. Pili, kuonyesha kwamba uteuzi wa maneno ni sehemu ya matengenezo yenyewe. Aliyetaja sehemu kwa jina lisiloeleweka amemwelekeza fundi pasipo, na katika kazi ya umeme kuelekezwa pasipo kunaweza kugharimu maisha. Walimu wanaofundisha matini za maelekezo wanaweza kuyatumia makala haya darasani. Maswali ya mjadala yamewekwa mwishoni.

Kwa nini Rusizi I?

Rusizi I ni kituo cha mpaka baina ya Cyangugu, upande wa Rwanda, na Bukavu, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jina hilohilo ni la kituo cha umeme wa maji kilichojengwa katika miaka ya 1950 kwenye Mto Rusizi, karibu na pale mto unapotoka Ziwa Kivu. Kituo cha Rusizi II kilifuata mwaka 1989, nacho kilijengwa kwa ushirikiano wa Rwanda, Burundi na nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Hivyo basi, jina hili linabeba mambo mawili tunayoyazungumzia hapa, yaani umeme na makutano ya lugha.

Msomaji anaweza kuuliza: viyoyozi Cyangugu vya nini? Mji wa Kamembe uko juu ya Ziwa Kivu, ambalo lenyewe lipo mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Huko watu wengi hufungua dirisha na mambo yakaisha. Lakini katika wilaya hiyohiyo ya Rusizi, barabara ikiteremka kuelekea kusini, mtu hufika uwanda wa Bugarama ulio chini ya mita 1,000. Bugarama ni sehemu yenye joto zaidi kuliko zote nchini Rwanda, ni nchi ya mpunga na ya kiwanda cha saruji, na mchana wa kiangazi joto hupita nyuzi 30. Huko kiyoyozi kikisimama, watu wa nyumbani hukosa usingizi.

Upande wa lugha, hali ya eneo hili inastahili kuangaliwa kwa makini. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Hata hivyo, fundi hujifunza majina ya vifaa kwa lugha ya shule aliyosomea. Fundi wa Bukavu amesoma kwa Kifaransa. Fundi wa Rwanda mwenye umri mkubwa aghalabu amesoma kwa Kifaransa pia, lakini kijana aliyesoma baada ya Rwanda kuamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza ana majina mengine. Vipuri vinavyotoka Dar es Salaam au Mombasa vinakuja na majina ya Kiingereza yaliyovishwa Kiswahili. Wote hawa wakikutana huzungumza Kiswahili, na kila mmoja hudhani kwamba neno lake ndilo la wote.

Kiyoyozi hufanyaje kazi?

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani kina sehemu mbili, moja ukutani ndani ya chumba, nyingine nje ya nyumba. Zinaunganishwa kwa mabomba mawili ya shaba pamoja na nyaya za umeme. Ndani ya mabomba huzunguka gesi maalumu.

Gesi ikiwa katika sehemu ya ndani hufyonza joto la chumba. Kompresa, ambayo ni pampu iliyo katika sehemu ya nje, huivuta na kuishindilia mpaka ikawa na shinikizo kubwa na joto kali. Kisha gesi hupita katika koili ya nje, yaani bomba refu lililokunjwakunjwa na kuzungukwa na mapezi membamba ya alumini. Feni hupuliza hewa kwenye mapezi hayo, joto huondoka, na gesi hugeuka kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hupita katika njia nyembamba, shinikizo lake hushuka, hupoa, na kurudi ndani kuchukua joto jingine.

Kompresa isipozunguka, mzunguko wote husimama. Feni ya ndani itaendelea kupuliza, lakini itakuwa inazungusha hewa ileile yenye joto. Ndiyo maana malalamiko ya kwanza huwa "kinapuliza lakini hakipoozi".

Umeme nao una njia yake. Hutoka katika breka ya nyumba, hufika kwenye bodi ya kiyoyozi, na bodi husoma joto la chumba kwa kutumia kihisi. Chumba kikiwa na joto kuliko kiwango kilichowekwa, bodi hutoa amri. Amri hiyo hufunga kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku, au relei iliyo kwenye bodi. Umeme hupita hapo, ukasaidiwa na kapasita, ukapita katika kinga ya joto, ndipo ukafika kwenye mota ya kompresa. Kutafuta hitilafu ni kuifuata njia hii kwa mpangilio, kuanzia mwanzo wake. Anayeanzia mwisho, kwenye kompresa, huanza na kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote.

Uteuzi wa kitenzi

Kabla ya kushika bisibisi, mtu achague kitenzi. "Haiwaki" ni neno la kawaida, lakini lina maana nyingi mno. Taa ya kiyoyozi haiwaki? Feni haiwaki? Kompresa haiwaki? Msemaji anajua anachokusudia. Msikilizaji anabaki kubahatisha. Maelezo matano yafuatayo humfaa fundi zaidi, kwa sababu kila moja linaelekeza mahali tofauti:

1. Sehemu ya nje imenyamaza kabisa. Hapa umeme au amri haifiki nje.
2. Feni ya nje inazunguka, lakini kompresa imenyamaza. Umeme umefika nje; hitilafu iko kati ya kontakta na kompresa, au kinga ya joto imekata.
3. Kompresa inanguruma kwa sekunde chache, inalia "tak", kisha inanyamaza, na baada ya muda inajaribu tena. Mota inapata umeme lakini inashindwa kuanza. Sababu kubwa ni kapasita mbovu au umeme mdogo.
4. Kompresa inazunguka kwa dakika kadhaa, kisha inazima. Inapata joto kupita kiasi: koili ya nje imeziba kwa vumbi, feni ya nje ni dhaifu, gesi imepungua, au umeme ni mdogo.
5. Breka inakata papo hapo kompresa inapotaka kuanza. Huenda waya umegusa chuma, au kompresa imekwama au imeungua ndani.

Mwalimu ataona kwamba tofauti kubwa hapa ni ya vitenzi: kunyamaza, kunguruma, kuzunguka, kuzima, kukata. Mwanafunzi anayevimudu vitenzi hivi vitano ameshafanya nusu ya uchunguzi kabla fundi hajafika.

Hatua ya kwanza: yanayoonekana bila kufungua kitu

Hatua hii ni ya kila mtu. Tazama rimoti. Je, imewekwa kwenye alama ya baridi, ambayo aghalabu ni mchoro wa kipande cha theluji, au imewekwa kwenye feni peke yake? Je, kiwango kilichowekwa kiko chini ya joto la chumba? Ukiweka nyuzi 26 usiku wa Kamembe wenye nyuzi 18, kompresa haitazunguka, na hiyo si hitilafu. Weka nyuzi 20 kisha usubiri.

Kusubiri ni lazima. Viyoyozi vingi huzuia kompresa kwa muda wa dakika 3 hadi 5 baada ya umeme kurudi, ili shinikizo la gesi lisawazike. Kifaa cha kulinda dhidi ya umeme mbaya, kama kimefungwa, nacho huongeza dakika zake. Watu wengi huzima na kuwasha tena na tena katika dakika hizo, na kila mara wanaianzisha upya hesabu. Subiri dakika 10 kamili.

Mwisho wa hatua hii, angalia machujio ya sehemu ya ndani. Yakiziba, koili ya ndani huganda barafu, na bodi ya baadhi ya viyoyozi husimamisha kompresa kwa makusudi.

Hatua ya pili: umeme wenyewe

Angalia breka. Ikiwa imekata, irudishe mara moja tu. Ikikata tena, iache hivyo na umwite fundi, kwa sababu breka inakueleza kwamba kuna hatari. Kamwe usiibadilishe kwa kubwa zaidi ili isikate.

Kisha fikiria nguvu ya umeme. Umeme wa nyumbani katika eneo letu ni volti 230, na kwa kawaida viyoyozi huvumilia tofauti ya takriban asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya volti 207 na 253. Jioni, watu wengi wanapopika na kupiga pasi kwenye laini moja, volti hushuka. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka haipungui kwa kiasi kilekile cha volti. Hupungua kwa kipeo cha pili. Volti zikishuka hadi asilimia 80, yaani 184, nguvu ya kuanzia hubaki asilimia 64 tu. Hapo taa itawaka, redio itaimba, feni itazunguka, lakini kompresa itanguruma na kushindwa.

Kwa hiyo mwenye kipima umeme asome volti mara mbili: kompresa ikiwa imetulia, na katika sekunde ile inapojaribu kuanza. Ukisoma 225 kisha ikashuka hadi 170, kuna waya mwembamba, kiungio kilicholegea, au laini iliyoelemewa. Asiye na kipima umeme atazame taa za nyumba. Zikififia sana kompresa inapojaribu, aseme hivyo kwa fundi. Mota inayonguruma bila kuzunguka huvuta umeme mwingi na kupata joto haraka. Usiiache ijaribu usiku kucha. Zima breka mpaka umeme utulie.

Hatua ya tatu: sehemu ya nje

Kuanzia hapa ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Tunaieleza ili mwenye nyumba aielewe kazi anayoilipia na mwanafunzi apate msamiati wake, si ili mtu asiye na ujuzi afungue vifuniko.

Fundi huzima breka na kuhakikisha kwa kipima umeme kwamba umeme haupo. Hata hivyo, hatari haijaisha. Kapasita ni kikopo kinachotunza umeme, na kinaweza kuendelea kuutunza baada ya breka kuzimwa. Fundi huumwaga kwa kutumia kizuizi cha umeme, kwa mfano cha omu 20,000, kwa sekunde kadhaa, kisha hupima tena. Kuunganisha ncha kwa bisibisi hutoa cheche, huharibu kapasita, na kunaweza kumuumiza mtu.

Kazi ya kapasita ni ipi? Mota ya umeme wa nyumbani, ikiachwa peke yake, haiwezi kuanza kuzunguka. Ni kama baiskeli iliyosimama huku pedali moja iko juu kabisa na nyingine chini kabisa: ukikanyaga wima, nguvu ipo lakini gurudumu haliendi mpaka pedali isogezwe kidogo. Kapasita ndiyo inayotoa msukumo huo wa pembeni. Ikidhoofika, mota hunguruma mahali pamoja.

Kapasita iliyovimba juu au kuvuja mafuta ni mbovu. Lakini inayoonekana nzima nayo ipimwe. Ubavuni mwake huandikwa ukubwa wake kwa mikrofaradi, mara nyingi pamoja na kiwango cha tofauti inayoruhusiwa. Iliyoandikwa 35 yenye tofauti ya asilimia 5 inapaswa kusomeka kati ya 33 na 37 hivi. Ikisomeka 20, hitilafu imepatikana. Inayowekwa badala yake iwe na mikrofaradi zilezile, na volti zisizopungua zile za awali. Kapasita za aina ya mbili-kwa-moja zina ncha tatu zenye alama: C ya pamoja, FAN ya feni, na HERM ya kompresa. Upande wa feni unaweza kuwa mzima huku upande wa kompresa umekufa. Ndiyo sababu feni huzunguka na kompresa ikanyamaza.

Kontakta nayo hukaguliwa. Sisimizi hupenda kujenga humo, na miili yao huzuia vyuma visigusane. Ncha zilizoungua huonekana nyeusi zenye mashimo.

Hatua ya nne: kompresa yenyewe

Ikiwa umeme, amri, kontakta na kapasita ni vizima, ndipo kompresa inapopimwa. Ikiwa ina joto kali la kuunguza mkono, kinga yake ya joto huenda imekata. Kinga hiyo hujirudisha yenyewe, lakini kompresa kubwa inaweza kuchukua saa nzima au zaidi kupoa. Mafundi wenye haraka wameshahukumu kompresa nyingi nzima wakati zilikuwa zinapoa tu.

Kompresa ya kawaida ina ncha tatu: C ya pamoja, S ya kuanzia, na R ya kuendeshea. Nyaya zikishatolewa, fundi hupima omu baina ya kila jozi. C na R zikitoa 1.5, na C na S zikitoa 3, basi S na R zinapaswa kutoa 4.5, yaani jumla ya zile mbili. Ikiwa S na R zinasomeka lakini C haisomeki na yoyote, na kompresa ina joto, kinga imekata, isubiriwe. Ikiwa ni baridi na hali ni ileile, kinga yenyewe imekatika. Ikiwa ncha yoyote inasomeka na mwili wa chuma wa kompresa, mota imeungua ndani, na hapo ndipo kubadilisha kompresa kunapokuwa na sababu.

Tahadhari mbili. Kwanza, viyoyozi vya inveta haviendeshwi hivi. Kompresa zake nyingi hazina kapasita ya kuanzia, omu za jozi zote tatu hulingana, na bodi ya nje hutunza umeme wa hatari unaozidi volti 300. Kwa hivi, anza kwa kusoma alama ya hitilafu kwenye kioo au taa zinazomeremeta, kisha ulinganishe na kitabu chake. Pili, gesi ikipungua sana, swichi ya shinikizo inaweza kuizuia kompresa. Gesi haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua kuna mahali inavuja, na pazibwe kwanza. Isimwagwe hewani. Gesi ya R-22 huharibu tabaka la ozoni na ilipigwa vita na Mkataba wa Montreal wa 1987. R-410A haina madhara hayo kwa ozoni, lakini kilo yake moja huongeza joto la dunia sawa na kilo zipatazo 2,000 za hewa ya ukaa. Tarehe 15 Oktoba 2016 ilikuwa mjini Kigali kwenyewe ambako mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. R-32 ina madhara pungufu, lakini inaweza kushika moto, kwa hiyo isichezewe.

Maneno mawili ya hatari: "kondensa" na "moto"

Sasa turudi kwenye lugha. Katika Kifaransa, "condensateur" ni kapasita, ilhali "condenseur" ni koili ya nje. Katika Kiingereza, "condenser" ni koili ya nje. Lakini zamani neno hilo lilitumika pia kwa kapasita, na mafundi wa magari bado huita hivyo kile kikopo kidogo cha mfumo wa kuwashia injini. Maneno haya yakiingia katika Kiswahili huwa "kondansateri", "kondenseri" na "kondensa". Sikio lisilozoea husikia neno moja. Fundi wa Bukavu akisema "kondansateri imekufa", anamaanisha kikopo kinachobadilishwa kwa nusu saa. Kijana aliyesomea Kiingereza akimsikia, anaweza kudhani ni koili nzima ya nje, ambayo kuibadilisha ni kuitoa gesi yote na kukata mabomba. Ndiyo maana tunapendekeza kuliacha kabisa neno "kondensa" katika maelezo ya kiyoyozi, na kusema "kapasita" kwa kikopo cha umeme, na "koili ya nje" kwa bomba lenye mapezi.

Neno la pili ni "moto". Katika Kinyarwanda, "umuriro" ni moto, na pia ni umeme. Mwanafunzi wa Rwanda akihamisha neno moja kwa moja husema "moto umeondoka" akikusudia umeme umekatika. Mafundi wa umeme nao, hata Tanzania, huuita "wa moto" waya wenye umeme. Kwa hiyo sentensi "kompresa ina moto" inaweza kufahamika kwa namna tatu: ina umeme, ina joto kali, au inaungua. Majibu ya fundi kwa kila maana ni tofauti, na kukosea kunaweza kuua. Tuseme "kompresa ina umeme", "kompresa ina joto kali", au "kompresa inashika moto".

Hatusemi kwamba Kiswahili cha Bukavu au cha Kamembe ni kibovu. "Kurani" kwa umeme, "klimatizeri" kwa kiyoyozi na "frigo" kwa jokofu ni maneno yanayoeleweka kwa wenyeji, na mwanafunzi ayajue. Kinachotakiwa ni kulitambua neno linalokwenda njia mbili, kisha kuongeza maelezo mafupi pale lilipo.

Mfano wa mazungumzo

Mazungumzo haya yametungwa kwa ajili ya darasa. Mama wa Bugarama anampigia simu fundi wa Kamembe.

Mama: Jambo fundi.
Fundi: Jambo mama, habari za nyumbani?
Mama: Nzuri, ila kiyoyozi cha chumbani hakitoi baridi tangu jana mchana. Feni ya ndani inapuliza, na ya nje inazunguka. Lakini kompresa inanguruma sekunde mbili tatu, inalia tak, inanyamaza. Baadaye inajaribu tena.
Fundi: Taa za nyumba zinafifia inapojaribu?
Mama: Hapana, zinabaki vilevile. Rimoti iko kwenye baridi, nyuzi 20.
Fundi: Ni cha inveta, ama cha kawaida?
Mama: Cha kawaida. Nimesoma kibandiko, hakina neno inveta.
Fundi: Basi zima breka, mama, usiiache ijaribu tena. Naona ni kondansateri.
Mama: Samahani fundi, unasema kile kikopo cha umeme, ama ile koili yenye mapezi?
Fundi: Kikopo, mama. Kapasita. Nitumie picha ya kibandiko cha nje nijue aina, nitakuja nayo kesho asubuhi.

Swali moja la mama limeondoa utata wote. Fundi atakuja na kifaa kinachofaa, naye mama anajua atalipia nini.

Hitimisho

Tumeona kwamba kompresa isiyozunguka si lazima iwe kompresa mbovu. Uchunguzi huanza na rimoti na muda wa kusubiri, hufuata umeme, kontakta na kapasita, na kompresa huja mwisho. Tumeona pia kwamba mpangilio huohuo ndio mpangilio wa maelezo mazuri: taja sehemu, taja kitenzi kinachoifaa, taja lini na kwa muda gani. Walimu wa Kiswahili katika maeneo ya mpakani wana nafasi nzuri ya kufundisha jambo hili, kwa kuwa wanafunzi wao huyasikia maneno ya lugha tatu kila siku.

Maswali ya kujadili darasani

1. Andika upya sentensi "AC imekufa" kwa namna tano, kila moja ikielekeza kwenye hitilafu tofauti.
2. Taja neno jingine la kifaa ambalo katika eneo lako lina maana mbili kwa watu waliosoma kwa Kifaransa na waliosoma kwa Kiingereza. Ungependekeza neno gani badala yake?
3. Eleza kazi ya kapasita kwa mtu asiyejua umeme, bila kutumia mfano wa baiskeli.
4. Andika maelekezo ya hatua sita ya kukagua jokofu lisilopooza. Tumia hali ya kuamuru, na uweke tahadhari kabla ya hatua yenye hatari, si baada yake.